Kabla ya Kukata Bomba, Shika Shafti ya Turbo

Pale Maganzo, penye njia ya kuingilia mgodi wa almasi wa Mwadui, pikapu iliyokatwa sailensa husikika kabla haijaonekana. Ikipita na mzigo kuelekea Mwanza, muungurumo wake huingia hadi ndani ya maduka, na juu ya muungurumo huo kuna mluzi mwembamba wa turbo. Vijana wanaupenda mluzi huo. Mwenye gari naye ameshaambiwa gereji kwamba sasa gari lake linapumua, litavuta mzigo bila kubembelezwa na mafuta litakula kidogo. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili humgharimu turbo nzima, na bili ikija humwangukia yeye, si aliyeshika grenda.

Kwa eneo hili bili hiyo si jambo dogo. Kuanzia Kishapu na Kahama hadi Katoro, Nyarugusu na Geita mjini, pikapu ya dizeli ndiyo inayobeba kila kitu cha uchimbaji mdogo: madumu ya mafuta, pampu za maji, mipira, magogo ya kushikiza mashimo, viroba vya mawe vinavyopelekwa karasha. Msimu wa pamba ukifika, gari hilo hilo hugeuzwa kuwa la pamba. Likilala gereji wiki mbili likisubiri turbo kutoka Mwanza au Dar es Salaam, pampu haipati dizeli, shimo linajaa maji na watu wanakaa. Hilux za D4D, Ranger, D-Max, Navara na L200 za miaka ya karibuni zote zina turbo. Aliyesalimika ni mwenye Land Cruiser mkonga ya injini ya 1HZ, lita 4.2, ambayo ilitoka kiwandani bila turbo, na yeye naye siku hizi anashawishiwa aiongeze.

Turbo ni kifaa kinachokula kinachotupwa. Moshi unaotoka kwenye injini ukiwa moto na wenye nguvu hupita kwenye gurudumu dogo la mapanga na kulizungusha. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti moja na gurudumu la upande wa pili, ambalo huvuta hewa ya nje, huibana na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi huungua vizuri, na injini ya lita mbili na nusu hufanya kazi ya injini kubwa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Miaka kumi na tatu baadaye, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, kwenye mita 4,300 hivi, ili aone kama turbo ingerudisha nguvu zinazopotea hewa inapokuwa nyepesi. Bila turbo injini ilibaki na farasi 230 hivi. Ilipofungwa turbo ilirudi zaidi ya 350.

Jaribio la Moss linamhusu mtu wa Maganzo moja kwa moja. Nyanda za Shinyanga na Geita zinaonekana tambarare, lakini ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina presha pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Ili injini ipate kiasi kile kile cha hewa, turbo ya hapa inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko turbo ya Kariakoo. Kwa turbo ndogo za pikapu, kasi hiyo ni zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, na gari likivuta mzigo mzito moshi unaozipita hufika nyuzi joto 600 hadi 700 na zaidi. Shafti haigusi chuma wakati huo wote. Inaelea juu ya utando wa oili. Hicho ndicho kifaa ambacho watu wanakikatia bomba kwa kusikiliza mlio.

Kwanza apewe haki yake fundi anayesema bomba lililobana linadhuru. Kuna imani iliyozagaa kwamba injini ya dizeli "inataka presha ya nyuma", na kwamba ukiipunguza turbo itakosa nguvu. Imani hiyo haina msingi. Mapanga ya turbo yanazungushwa na tofauti ya presha kati ya moshi unaoingia na moshi unaotoka. Tuchukulie moshi unaingia ukiwa na presha ya 2.4 na unatoka kwenye 1.3 kwa sababu bomba la nyuma limebana. Uwiano wake haufiki 1.9. Bomba likifunguliwa hadi presha ya kutokea ishuke kufika 1.1, uwiano unakaribia 2.2, bila kuongeza hata tone la dizeli. Turbo itaamka mapema, moshi mweusi wa kuondokea utapungua, na injini haitatumia nguvu nyingi kusukuma moshi wake yenyewe. Kwa hiyo bomba pana, laini, lenye kona chache, baada ya turbo, ni jambo jema. Watengenezaji wenyewe wanalijua, ila wao wanapima pia kelele, gharama na nafasi iliyopo chini ya gari.

Na bomba la pikapu ya huku hubana kweli. Barabara za machimboni zina mawe na makorongo. Bomba hugongwa likabonyea, sailensa ya zamani huoza ndani, vipande vyake vikalala na kuziba njia, na dereva asione chochote kwa nje. Gari la namna hiyo huchemka, hukosa nguvu, na moshi uliokosa pa kutokea hulazimisha njia hata kwenye sili za turbo na kuichafua oili. Kubadilisha bomba lililobonyea ni matengenezo halali, na asiyefanya anajidhuru.

Tatizo linaanzia pale mafundi wengi wanapolichukulia bomba zima, kutoka kwenye injini hadi nyuma ya gari, kuwa kitu kimoja. Turbo inaligawa mara mbili. Kilichoko baada ya turbo kinavumilia kuguswa. Kilichoko kabla yake, yaani manifodi na kipande kifupi kinachoupeleka moshi kwenye mapanga, hakivumilii makosa. Hapo moshi una joto lake lote na nguvu zake zote. Ufa mwembamba wa manifodi unatosha kuipotezea turbo sehemu ya nguvu zake: gari linachelewa kuitika, linatoa moshi mweusi, kuna mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa ya baridi ambao hupotea likipata moto, na masizi huonekana kwenye maungio. Mwenye gari akienda gereji na dalili hizo huambiwa akate sailensa. Sailensa inakatwa, kelele inaongezeka, tik-tik haisikiki tena, na ufa unabaki palepale ukikua.

Mwingine huchomelea ufa huo. Manifodi nyingi ni za chuma cha kalibu, na chuma hicho kinataka kupashwa moto kwanza, kuchomelewa kwa fimbo za nikeli na kupoozwa taratibu. Fimbo za kawaida, zile za kutengenezea mageti, huacha mshono mgumu unaopasuka upya pembeni baada ya muda mfupi. Balaa kubwa zaidi ni punje za chuma kilichoyeyuka zinazoganda ndani ya njia ya moshi. Siku injini inawashwa, punje moja inabanduka na kwenda moja kwa moja kwenye mapanga yanayozunguka mara laki moja kwa dakika. Hakuna panga la turbo linalovumilia pigo hilo. Likikatika kidogo tu, gurudumu linapoteza mizani na shafti inaanza kula bushi zake. Kazi ya manifodi ifanyike mezani, ikiwa imefunguliwa na kusafishwa, au inunuliwe nyingine. Na yeyote anayechomelea chochote kwenye gari lenye kompyuta afungue kwanza waya za betri, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea hutafuta njia yake.

Hata baada ya turbo kuna namna ya kuharibu. Bomba la kiwandani limening'inizwa kwa mipira na lina kipande kinachonyumbuka, ili injini inapotikisika isivute turbo. Bomba nene la kienyeji lililochomelewa likawa gumu mwanzo hadi mwisho, bila kipande hicho na bila vishikizo, huning'iniza uzito wake wote kwenye stadi za turbo. Kilomita chache za barabara yenye mawimbi zinatosha. Stadi zinalegea, gasketi inaungua, mwili wa turbo unapata ufa, na fundi wa pili anasema turbo ilikuwa feki.

Halafu kuna suala la kasi. Kwenye pikapu za zamani, presha ya turbo inazuiwa na kimlango kinachopitisha moshi wa ziada pembeni ya mapanga. Kimlango hicho kilipimwa kulingana na bomba la kiwandani. Bomba likiwa wazi mno, moshi wa ziada unaweza kukishinda, presha ikapanda kuliko ilivyokusudiwa. Kwenye pikapu mpya kompyuta huongoza mapanga madogo yanayobadili njia ya moshi, na huwa inajirekebisha. Ikishindwa huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kulinyima gari nguvu ili lisijiue. Dereva aliyezoea kuipuuza taa hiyo, au aliyepeleka kompyuta kwa mtu wa "kuongeza nguvu" bila kufunga geji, ameondoa mlinzi wa mwisho. Na akumbuke urefu wa nchi anayoendeshea: turbo yake tayari inafanya kazi zaidi ya ile ya pwani. Nafasi iliyobaki kabla ya kupita kiasi ni ndogo.

Kuna biashara nyingine inayojificha nyuma ya maneno ya kupumua. "Mzee wangu, haya masega ndiyo yanakubana. Tuyatoe, uone gari litakavyoruka." Masega ni kile kifaa cha kusafishia moshi, na ndani yake mna platinamu, madini ambayo yana wanunuzi. Mteja hulipia kazi ya kutoa, kisha anaacha gereji kitu chenye thamani kuliko alichokilipia. Kama masega yamejaa masizi hadi kuziba, kuyatoa kutaonekana kama muujiza kwa wiki moja. Lakini masega hayajai yenyewe. Yamejazwa na nozeli zinazomwaga dizeli, au na turbo inayovujisha oili kwenye moshi, na ugonjwa huo umeachwa ndani.

Haki inadai kusema kwamba vichujio vya masizi vya magari mapya si malaika. Aprili 2022, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba zaidi ya magari 264,000 ya dizeli ya Toyota, yakiwemo Hilux, Prado na Fortuner yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, yalikuwa na kasoro kwenye mfumo wa kichujio hicho. Mfumo ulishindwa kuyaunguza masizi ipasavyo magari yalipokwenda mwendo wa barabara kuu, na wenye magari wakalalamikia moshi mweupe na harufu mbaya. Waaustralia wale hawakukosea kulalamika. Ila walikwenda mahakamani na vipimo, na kiwanda kikatafuta dawa. Pikapu nyingi zinazotengenezwa kwa soko la Afrika hazina kichujio hicho kabisa, kwa hiyo anayeambiwa kwamba Hilux yake iliyonunuliwa mpya Dar es Salaam imebanwa na kichujio aombe kwanza aonyeshwe kilipo.

Kinachoua turbo za huku, kwa sehemu kubwa, hakipo kwenye bomba la moshi. Kipo kwenye vumbi na oili. Kiangazi, gari linalofuata malori ya mawe linavuta vumbi mchana kutwa. Filta ya hewa iliyopigwapigwa kwenye tairi ikapata tundu, au mpira wa hewa uliopasuka na kufungwa kwa kamba ya manati, hupitisha mchanga laini unaosugua mapanga ya alumini ya upande wa hewa hadi yanabaki membamba kama wembe. Mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini nao ukivuja, turbo huzunguka zaidi kufidia hewa inayopotea.

Oili ndiyo shahidi mkubwa. Injini ya 1KD-FTV ya lita tatu, iliyofungwa kwenye Hilux na Prado kwa miaka mingi, inajulikana na mafundi duniani kote kwa ugonjwa mmoja: washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikivuja, gesi ya mwako huingia juu ya injini, huipikia oili masizi, na uchafu ule huteremka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Oili haifiki kwenye turbo. Turbo inakufa kwanza, na injini ikifuata ndipo mwenye gari anakumbuka kwamba taa nyekundu ya oili ilikuwa ikiwaka kwenye kona. Mtu huyo angeweza kukata mabomba matatu na yasimsaidie. Washa za nozeli na kufungua sampu kwa wakati vingemwokoa.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi mwingi, na hakihitaji kompyuta. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo. Gurudumu la mapanga litaonekana, na katikati yake nati ndogo. Ishike kwa vidole viwili. Isukume na kuivuta kama unataka kuitoa: haitakiwi kusikika ikicheza. Itikise kushoto na kulia: itacheza kidogo, kwa sababu nafasi ile ni ya oili, lakini ncha za mapanga zisiguse ukuta. Lizungushe gurudumu taratibu, linatakiwa liende bila kukwama. Kisha mulika tochi ukutani. Mikwaruzo inayong'aa ni dalili kwamba mapanga yameshagusa, oili iliyotuama ni dalili ya sili au ya bomba la kurudishia oili lililoziba, na ncha zilizolika ni kazi ya vumbi. Fundi asiyefanya hivyo kabla ya kuwasha grenda hajajua anatibu nini.

Mwenye Land Cruiser ya 1HZ anayetaka kuongezewa turbo anahitaji tahadhari ya ziada. Injini ile inabana hewa kwa uwiano wa zaidi ya 22 kwa 1, na ilitengenezwa kwa ajili ya kudumu bila turbo. Wengi wameifunga turbo Australia na ikadumu, lakini waliofanikiwa walizuia presha iwe ndogo, wakapima dizeli, wakafunga bomba pana na geji ya joto la moshi mbele ya macho ya dereva. Turbo ya mtumba, bomba la zamani na pampu iliyofunguliwa kwa kukisia ni njia ya kuyeyusha pistoni.

Na moshi wenyewe una watu unaowafikia. Bomba linalokatwa katikati ya gari humwaga moshi chini ya bodi, walipokaa kina mama na watoto juu ya viroba. Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa wachimbaji: uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi minane ya Marekani. Mkoa wenye mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu na mamia ya maduara ya wachimbaji wadogo hauwezi kuichukulia habari hiyo kuwa ya mbali. Bomba liishie nyuma ya gari, hata likiwa pana kiasi gani, na sailensa nzuri ya njia iliyonyooka ibaki, kwa sababu haibani moshi kiasi cha kuidhuru turbo na inawaacha wagonjwa wa hospitali ya Kolandoto walale.

Lawama zote hazistahili kutupiwa mafundi wa barabarani. Wengi walijifunza kazi kwenye injini zisizo na turbo wala kompyuta, na magari yakabadilika mikononi mwao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wapo Shinyanga. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, nao wapo. Kozi fupi ya jioni kuhusu turbo, nozeli na uchomeleaji wa chuma cha kalibu, inayotolewa Kahama, Maganzo na Katoro walipo mafundi, ingeokoa fedha nyingi za wachimbaji, na vyama vya wachimbaji wadogo vinaweza kuichangia bila kungoja bajeti ya mtu. VETA na SIDO waanze nayo kabla kiangazi hakijakolea, vumbi likiwa bado kidogo. Na wewe mwenye pikapu uliyepanga kukata bomba Jumamosi hii, mwambie fundi afungue kwanza mpira wa hewa na ushike shafti hiyo kwa vidole vyako mwenyewe.